Kiwiko kinamuuma, naye anataka kufika alikofika Blyleven: jibu kwa mama wa mrushaji wa miaka 14

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Mombasa, na tunaishi Rotterdam miaka 11 sasa. Kijana wangu wa pili ana miaka 14 na besiboli imemwingia damuni. Yeye ndiye mrushaji. Jumamosi anarushia klabu yake, kama mipira 80 hivi. Jumapili anavaa barakoa na kuwa mdakaji nyuma ya mpigaji. Jumatano anarushia timu teule ya vijana, kama mipira 50. Majira ya baridi wanaendelea ukumbini. Tangu mwezi uliopita kiwiko kinamuuma upande wa ndani, na asubuhi baada ya mechi hawezi kuunyoosha mkono hadi mwisho. Anameza dawa ya maumivu kabla ya mechi na kuweka barafu baadaye. Baba yake anasema mwanamume huvumilia. Kaka yake amesoma kwamba kuna upasuaji unaoufanya mkono uwe na nguvu kuliko mwanzo. Na sasa anataka afundishwe mpira wa kupinda, kwa kuwa shujaa wake ni Bert Blyleven, Mholanzi aliyeingia ligi kuu ya Marekani akiwa na miaka 19. 'Mama, nimebakiwa na miaka mitano tu,' ananiambia. Mimi mchezo huu siujui. Je, nimzuie? Nikimzuia nitakuwa nimemharibia maisha? Na kweli mtoto wa Uholanzi anaweza kufika huko?"

Dada yangu, nianze na lile lisilongoja: kijana asirushe mpira tena mpaka kiwiko hicho kionwe na daktari, na kionwe wiki hii. Asirushe mechini, asirushe mazoezini, asirushe hata bustanini na kaka yake. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko kwa mrushaji wa miaka 14 yangetosha peke yake kunifanya niseme hivyo. Mkono usionyooka asubuhi unanifanya nisisitize zaidi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya michezo, na siwezi kukipima kiwiko cha mtoto wako kwa barua. Ninachoweza ni kukueleza kinachoendelea humo ndani, ili utakapomzuia ujue unamzuia kwa nini, na yeye ajue pia.

Katika barua yako naona hofu mbili zinazovutana. Unamwona mwanao akiumia, na papo hapo unaogopa kusimama njiani mwa ndoto ambayo huielewi vizuri. Hofu hizo hazipingani kama unavyodhani. Ukiyatazama kwa karibu maisha ya warushaji wa Kiholanzi, akiwemo huyo Blyleven, utaona kwamba kumzuia leo ndiyo njia ya kumwacha aendelee. Nitafika huko, lakini tupitie kwanza kwenye kiwiko.

Mrushaji anapoupeleka mkono nyuma na kifua kikatangulia, kigasha hubaki nyuma kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kisha bega huanza kuzunguka kuelekea mbele. Kwa mtu mzima wa kiwango cha juu mzunguko huo hupita nyuzi 7,000 kwa sekunde, na ni miongoni mwa miendo ya kasi zaidi ambayo mwili wa binadamu huweza kuifanya. Wakati huo kiwiko hulazimishwa kufunguka upande wa ndani na kubanwa upande wa nje. Hutokea hivyo katika kila mrusho, uwe wa kasi au wa kupinda. Kinachokizuia kisifunguke ni ligamenti fupi iliyoko upande wa ndani, ikisaidiwa na misuli ya kigasha, na vyote viwili vimejishikiza kwenye ile nundu ya mfupa unayoigusa ukipapasa ndani ya kiwiko chako mwenyewe.

Kwako wewe na kwangu mimi nundu hiyo imekwisha kuungana na mfupa wote. Kwa mvulana wa miaka 14 bado. Kati ya nundu na mfupa kuna tabaka la gegedu ambalo mfupa hukulia hapo, na kwa wavulana wengi halifungi mpaka kati ya miaka 15 na 17. Ni zege lililomwagwa ambalo halijakauka: unaweza kulikanyaga kwa uangalifu, huwezi kulipitishia lori. Kwa hiyo mzigo uleule ambao kwa mtu mzima ungechana ligamenti, kwa mtoto huvuta mfupa wenyewe. Gegedu huwashwa na kuvimba, nafasi kati ya nundu na mfupa hupanuka, na mvutano ukizidi kipande cha mfupa hung'oka, wakati mwingine kwa mrusho mmoja tu ambao uwanja mzima unausikia kwa kelele ya mtoto.

Upande wa nje nao una hatari yake. Kule mifupa inakobanana, kipande cha gegedu pamoja na mfupa ulio chini yake kinaweza kudhoofika na kulegea. Dalili zake ni kiwiko kukwama, kualika ndani kwa ndani, au kukataa kunyooka. Hii ndiyo sababu neno lako kuhusu asubuhi limenishtua. Huenda ni uvimbe tu wa mkono uliochoka. Huenda pia ni jambo ambalo eksirei italionyesha, na kungoja kutalizidisha.

Sasa huo upasuaji aliousoma kaka yake. Mwaka 1974 mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alichanikiwa na ligamenti ya kiwiko cha kushoto. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka kigasha cha kulia na kuipachika kwenye kiwiko kilichoumia. Wakati ule hakuna aliyetegemea mengi. John alirudi uwanjani 1976, akaendelea kurusha hadi 1989 akiwa na miaka 46, na kati ya mechi 288 alizoshinda maishani, 164 alizishinda baada ya kupasuliwa. Ni kisa cha kweli na cha kupendeza, na kimezaa imani ya uongo. Upasuaji hauongezi nguvu. Mtu aliyekuwa akirusha mwaka mzima na kiwiko kibovu hupasuliwa, hulazimika kupumzika, hufanya mazoezi ya miguu, kiuno na bega kwa mwaka mmoja au zaidi chini ya uangalizi, kisha hurudi akiwa bora kuliko alivyokuwa siku za mwisho kabla ya kisu. Wapo pia ambao hawarudi. Zaidi ya hayo, upasuaji huo ni wa kutengeneza ligamenti, na kwa umri wa kijana wako shida yenyewe huenda haiko kwenye ligamenti kabisa. Mwambie kaka mtu kwamba anamtakia mdogo wake tiba ya ugonjwa mwingine.

Dawa ya maumivu kabla ya mechi iachwe leo. Maumivu ndiyo kengele pekee aliyonayo mtoto kumwambia kwamba gegedu limefika mwisho, na kidonge huizima kengele wakati moto bado unawaka. Barafu haina ubaya, hupunguza maumivu kwa saa chache, ila haiponyi kitu. Nimewaona vijana wengi wanaoamini kwamba barafu imefuta walichokifanya mchana. Haifuti.

Kuhusu shemeji, nisingependa asomwe vibaya hapa. Ana haki ya kusema mchezo unadai uvumilivu. Mapaja yakiwaka katika mbio, mwili ukichoka asubuhi ya mazoezi, mpira ukimgonga mbavuni alipokuwa akipiga, hayo avumilie. Uchovu wa mkono unaorusha ni jambo jingine. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwalinganisha vijana warushaji waliofika kwenye upasuaji wa kiwiko au bega na wenzao ambao hawakuwahi kuumia. Waliokuwa na desturi ya kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa katika hatari mara 36 zaidi. Sijaona namba nyingine kubwa kama hiyo katika kazi yangu. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa katika hatari mara tano. Utafiti mwingine uliwafuata warushaji 481, waliokuwa na miaka 9 hadi 14 ulipoanza, kwa miaka 10. Waliorusha zaidi ya iningi 100 kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara tatu na nusu ya wenzao. (Iningi ni duru ambamo kila timu hupata zamu yake ya kupiga, mechi kamili ya wakubwa ina duru tisa.)

Tuirudie basi ratiba yako. Mwongozo ambao shirikisho la besiboli la Marekani na Major League Baseball, yaani ligi kuu yenyewe, waliutoa kwa ajili ya vijana unasema mtoto wa miaka 13 au 14 asipite mipira 95 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku nne kamili. Kijana wako anarusha 80 Jumamosi. Siku zake nne ni Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Yeye Jumatano yuko kilimani, pale palipoinuliwa anaposimama mrushaji, akirusha tena. Na hiyo Jumapili ambayo ingekuwa ya kwanza ya kupumzika, ni mdakaji, yaani anaurudisha mpira kwa mrushaji mechi nzima na kurusha kwa nguvu zote mkimbiaji anapojaribu kuiba beisi. Mwongozo huohuo unakataza mtoto kuwa mrushaji na mdakaji katika mechi moja, na mimi ninaona wikendi moja haina tofauti kubwa na mechi moja. Kisha inakuja baridi, miezi ambayo mkono ulipaswa kulala, naye yuko ukumbini. Mwongozo unataka miezi minne kwa mwaka bila kurusha, angalau miwili au mitatu kati yake ikifuatana. Hesabu miezi yake uone imebaki mingapi.

Simlaumu kocha yeyote kwa hili. Kocha wa klabu anahesabu mipira ya Jumamosi, kocha wa timu teule anahesabu ya Jumatano, na kila mmoja kwa upande wake yuko ndani ya mipaka au karibu nayo. Anayezibeba zote ni mtoto. Nyumbani kwenu lazima awepo mtu mmoja mwenye daftari moja, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeniandikia ukiwa na namba mkononi, nadhani mtu huyo umeshakuwa wewe.

Nije kwenye mpira wa kupinda. Hapa nitamshangaza kijana kidogo, maana wengi wangemwambia mpira huo ndio unaovunja viwiko. Ushahidi hausemi hivyo waziwazi. Vipimo vya maabara kwa warushaji vijana vimeonyesha mpira wa kasi unakibebesha kiwiko mzigo mkubwa kuliko wa kupinda, na ule utafiti wa miaka 10 haukuweza kuthibitisha kwamba walioanza mapema kurusha mipira ya kupinda waliumia zaidi kwa sababu hiyo. Wingi wa mirusho na uchovu ndivyo vinavyoongoza. Hata hivyo ningemwambia asubiri, kwa sababu mbili. Vipimo hivyo vilifanywa kwa vijana waliokuwa wakirusha kwa ufundi mzuri, bila kuzungusha kigasha kwa pupa. Na mvulana aliyepata silaha mpya ambayo wenzake hawaigusi kwa gongo hawezi kujizuia. Atairusha mara thelathini mazoezini na mara arobaini mechini, na kocha anayetaka kushinda atamwomba aongeze. Kwanza mpira wa kasi uliotulia mahali anapoutaka, na mpira wa polepole unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono. Kwa viwili hivyo mrushaji wa miaka 14 anawatoa wapigaji kila siku.

Na hapa ndipo shujaa wake anakuwa upande wangu.

Bert Blyleven alizaliwa Zeist, karibu na Utrecht, tarehe 6 Aprili 1951. Familia yake ilihamia Kanada akiwa bado mdogo sana, kisha ikahamia kusini mwa California. Besiboli aliijua huko, akisikiliza redioni mechi za Dodgers na sifa za mpira wa kupinda wa Sandy Koufax. Baba yake alimjengea kilima cha kurushia nyuma ya nyumba. Lakini baba huyohuyo, mhamiaji ambaye mchezo huo hakuzaliwa nao, kama vile wewe hukuzaliwa nao, alimkataza kurusha mpira wa kupinda mpaka alipofika miaka 13 au 14 hivi. Blyleven mwenyewe amelisimulia jambo hilo. Mpira wa kupinda maarufu kuliko karibu yote ya zama zake ulitoka kwenye mkono uliowekewa breki na mzazi.

Minnesota Twins walimchukua 1969, na Juni 1970 akarusha mechi yake ya kwanza ya ligi kuu akiwa na miaka 19, hapo kijana wako yuko sahihi. Akacheza misimu 22, ya mwisho 1992. Alishinda mechi 287, aliwatoa wapigaji kwa straiki tatu mara 3,701, na mara 60 alimaliza mechi mwenyewe bila wapinzani kupata hata pointi moja. Ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, aliupata mara mbili, 1979 na Pittsburgh na 1987 na Minnesota. Jumba la Mashuhuri wa besiboli la Cooperstown lilimpokea 2011, katika mwaka wa 14 wa jina lake kupigiwa kura. Mkono wenyewe haukuwa wa chuma: 1982 karibu msimu mzima ulimpotea kwa kiwiko, na 1991 hakucheza kabisa baada ya upasuaji wa bega. Alirudi akiwa na miaka 41. Alichonacho Blyleven ambacho wengi hawana ni iningi 4,970, na iningi hizo zilihitaji kiwiko kilichovuka salama umri huu alio nao mwanao.

Kuna jambo jingine la haki ninalopaswa kulisema. Kwa kila Blyleven tunayemjua walikuwepo wavulana wa umri wake, California ileile, waliorusha sana na mapema, mikono ikawakatikia, na majina yao hayakuandikwa popote. Tukijifunza kwa mashujaa peke yao tunajifunza kwa mikono iliyosalimika tu.

Uliuliza kama mtoto wa Uholanzi kweli anaweza kufika. Blyleven si jibu zuri la swali hilo, kwa kuwa Uholanzi ilimzaa lakini haikumfundisha besiboli. Wa kwanza kujifunza mchezo Uholanzi na kufika ligi kuu alikuwa Win Remmerswaal wa The Hague, aliyewarushia Boston Red Sox 1979 na 1980. Hakudumu, mechi 22 tu kwa misimu miwili, baadaye akacheza Italia. Miongo miwili na zaidi baada yake akaja mrushaji mwingine, Rick van den Hurk wa Eindhoven. Florida Marlins walimsajili akiwa kijana, akaingia ligi kuu 2007 akiwa na miaka 21. Huko Marekani hakung'ara sana. Alihama timu hadi timu. Watu wengi wangesimamisha hadithi hapo. Lakini 2014, akiwa na Samsung Lions huko Korea Kusini, alikuwa mrushaji aliyeruhusu wapinzani pointi chache kuliko wote katika ligi kwa wastani, na mwaka uliofuata Japani, akiwa na Fukuoka SoftBank Hawks, alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja. Miaka yake bora ilikuja akikaribia na kuvuka 30. Kwa mkono uliochoka mapema miaka hiyo isingekuwepo.

Na yupo mmoja ambaye ningependa kijana amsome kwa makini kuliko wote. Kenley Jansen amezaliwa Willemstad, Curaçao, kisiwa kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Katika mashindano ya dunia ya World Baseball Classic mwaka 2009 alikuwa kwenye kikosi cha Uholanzi kilichoishangaza dunia kwa kuifunga Jamhuri ya Dominika mara mbili, na kocha wa warushaji wa kikosi hicho alikuwa Bert Blyleven. Jansen hakuwa miongoni mwa warushaji. Alikuwa mdakaji. Mwaka huohuo klabu yake ilimgeuza kuwa mrushaji, akiwa na miaka 21, na Julai 2010 tayari alikuwa akiwarushia Los Angeles Dodgers. Amekuwa mmoja wa wafungaji-mechi wakubwa wa historia, yaani warushaji wanaoingizwa mwishoni kulinda ushindi, akiokoa mechi zaidi ya 400. Mpaka miaka 21 kazi yake ilikuwa kudaka. Kwa hiyo ule mpango wa "nimebakiwa na miaka mitano" hauna msingi. Msimu mmoja wa kupumzisha kiwiko haufungi mlango wowote.

Akikuambia kwamba kuhesabu mipira ni mambo ya waoga, mtajie Shairon Martis, naye wa Willemstad. Machi 2006, mjini San Juan, Puerto Rico, aliwarushia Waholanzi dhidi ya Panama katika mashindano hayohayo. Kanuni ilikuwa mrushaji asipite mipira 65. Martis alikuwa na miaka 18. Alimaliza iningi saba, mechi ikakatishwa kwa sababu Uholanzi ilikuwa mbele 10 kwa 0, na hakuna Mpanama aliyepata hiti hata moja, yaani kuupiga mpira na kufika beisi salama. Mipira aliyotumia ni 65 kamili.

Njia zilizo mbele yenu basi ni tatu, na nitazipima kama ningezipima kwa mwanangu. Ya kwanza ni kuendelea huku akipunguza: mechi moja kwa wiki, bila kudaka. Kwa mkono usiouma ningeiunga mkono. Kwa mkono unaouma na usionyooka siiungi, hata kama fainali ni Jumamosi hii. Ya pili ni kusimama kabisa kurusha na kupimwa. Ikithibitika ni gegedu la ukuaji lililowashwa, kwa kawaida hukaa wiki nne hadi sita bila kurusha, nyingine zaidi, kisha hurudi hatua kwa hatua: umbali mfupi kwanza, mipira michache, siku moja arushe na siku moja apumzike, umbali ukiongezwa pale tu ambapo hatua iliyotangulia haikuleta maumivu, na kilima kikija mwisho. Kwa jumla andaa moyo kwa miezi mitatu. Ya tatu ni kubaki kwenye timu katika nafasi isiyodai kurusha sana, kama beisi ya kwanza, baada ya daktari kuruhusu. Wavulana wengi huipokea vizuri, maana wanachokiogopa hasa ni kukaa nje huku wenzao wakicheka uwanjani.

Sitakuficha gharama yake. Anaweza kupoteza nafasi yake katika timu teule mwaka huu. Atalia, na atakukasirikia wewe maana ndiwe uliye karibu. Lakini klabu za Marekani haziruhusiwi kumsajili mchezaji wa nje kabla ya miaka 16, na hata hapo humpima mkono kabla ya kutia saini. Wale wasiokwenda huko wana ligi kuu ya Uholanzi, Hoofdklasse, na hapo hapo Rotterdam mnayo Neptunus, miongoni mwa klabu zenye mataji mengi kuliko zote barani Ulaya. Rob Cordemans, mzaliwa wa Schiedam jirani yenu, alirusha katika ligi hiyo na timu ya taifa hadi alipovuka miaka 40, na alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Cuba katika fainali ya Kombe la Dunia 2011. Hayo nayo ni maisha kamili ya mrushaji.

Wiki hizo za kutorusha zisiwe za kulala. Mrusho huanzia mguuni, hupanda kiunoni na mgongoni, hufika kwenye bapa la bega, na mkono huja mwisho. Mvulana ambaye mapaja na kiuno ni dhaifu huutafuta mwendo wa mpira kwenye kiwiko peke yake. Wengi wa umri huu wameongezeka urefu ghafla na misuli bado haijawafuata. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea warushaji atamsimamisha kwa mguu mmoja, atautazama mgongo wake akiinua mikono, atapima bega linavyozunguka, na hapo atajua pa kuanzia. Mara nyingi ndipo chanzo kinapopatikana.

Kwa utaratibu wa Uholanzi, anza na huisarts wenu, daktari wa familia. Mtoto chini ya miaka 18 halipi eigen risico, ile sehemu ya gharama anayojilipia mwenye bima, kwa hiyo usiogope bili ya eksirei, na unaweza kuomba apelekwe kwa daktari wa michezo. Usingoje miadi bali nendeni siku hiyohiyo ikiwa alisikia mlio ndani ya kiwiko akirusha na maumivu yakaja ghafla, kiwiko kikivimba au kubadilika rangi, kikikwama kisikunjike wala kunyooka, au akihisi ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita palepale nyuma ya ile nundu.

Ukifika usiseme tu kwamba kiwiko kinamuuma, maana kiwiko cha mtoto aliyeanguka na baiskeli nacho huuma. Sema hivi: ana miaka 14, ni mrushaji wa besiboli, anarusha kama mipira 130 kwa wiki kwa timu mbili na anadaka juu yake, maumivu yako upande wa ndani, yana mwezi mmoja, na asubuhi mkono haunyooki hadi mwisho. Omba eksirei ya viwiko vyote viwili, kwa kuwa gegedu lililopanuka kidogo huonekana vizuri likilinganishwa na la mkono usiorusha. Na mpe kijana mwenyewe nafasi ya kuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma.

Shemeji naye aende nanyi, ayasikie hayo kwa daktari mwenyewe.